Mshindi wa Pili na Mwanafunzi Wake

Wazazi wengi, wakimwona mtoto wao anarudi jioni amejaa vumbi kwa kukimbia uwanjani, humwuliza kwa hasira, "Mbio hizi zitakupa chakula gani?" Na waalimu wengi, wakipewa kazi ya kusimamia michezo ya shule, huihesabu kuwa kazi ya mwisho, ifanyike kama muda ukibaki, na kama haukubaki, basi. Swali la mzazi si la kijinga, kwa sababu mtoto anayekimbia hachoti maji wala hasomi kitabu kwa wakati ule. Tena twajua kuwa katika watoto elfu wakimbiao, labda hapana hata mmoja atakayepata medali. Basi yafaa tujibu swali hilo kwa haki, wala tusijibu kwa maneno matupu. Mwezi huu twataka kuwaletea habari za mtu mmoja ambaye maisha yake ni jibu. Mtu huyu alikimbia mbele ya dunia nzima, akashika nafasi ya pili, na tena ya pili, na tena ya pili. Kisha akawa mwalimu.

Lakini kwanza tuitazame njia iliyo karibu nasi.

NJIA YA WAPAGAZI

Sisi tukaao Ntalikwa, karibu na mji wa Tabora, twakaa katika nchi iliyojulikana zamani kwa miguu ya watu wake. Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, mizigo yote ya pwani na ya bara ilipita kwa mabega ya wapagazi. Wanyamwezi walitoka Unyanyembe na pembe na nta, wakaenda mpaka Bagamoyo, wakarudi na nguo na shanga na waya. Mpagazi alichukua mzigo wa frasila mbili, yaani kadiri ya kilo 32, akaenda nao katika jua na mbuga na pori kwa muda wa miezi. Miembe ya zamani ionekanayo katika nchi ya Tabora ni ukumbusho wa safari zile.

Mbele ya kila msafara alikwenda kirangozi. Huyu ndiye aliyechukua bendera, wala hapana mpagazi aliyeruhusiwa kumpita njiani. Je, mwadhani kirangozi alichaguliwa kwa kuwa ana mbio kupita wenzake wote? Sivyo. Mwenye mbio angaliwaacha wenzake nyuma, na msafara ungalivunjika siku ya kwanza. Kirangozi alichaguliwa kwa sababu aliijua njia: wapi pana maji, wapi pana hatari, siku gani iende haraka na siku gani iende polepole. Alikwisha kuipita njia ile kwa miguu yake mwenyewe, akakumbuka.

Mwalimu wa mbio ni kama kirangozi. Wala hatutamwelewa mtu tunayetaka kumsimulia, kama hatukulishika neno hilo.

MTOTO WA KAPSISIYWA

Jina lake ni Patrick Sang. Alizaliwa mwaka 1964 katika kijiji cha Kapsisiywa, nchi ya Wanandi, huko Kenya. Nchi ile ni ya milima na baridi, watu wake ni wafugaji na wakulima, na watoto wake wamezoea kwenda shuleni kwa miguu. Alipokuwa mdogo sana alipelekwa katika shule ya watoto wachanga, akafundishwa na mwalimu mmoja mwanamke wa kijiji kile kile. Msomaji, mkumbuke mama huyu. Tutamrudia.

Sang alikuwa na akili ya kitabu na miguu ya mbio, na vitu hivyo viwili vikamfungulia mlango mmoja. Alivuka bahari akaenda Marekani, akasoma katika Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin. Katika nchi ile vyuo vikuu huwapokea vijana wenye nguvu za michezo na kuwasaidia gharama za masomo, kwa sharti kwamba wakichezee chuo chao na wafaulu darasani. Kijana asiyefaulu darasani haruhusiwi kukimbia. Basi Sang akajifunza tangu ujana wake kugawa siku yake: saa za kitabu, saa za mwili, saa za kulala. Jambo hili tusilipite upesi, maana wengi hudhani kwamba mwanamichezo ni mtu aliyekimbia shule. Huyu alikimbia ndani ya shule, na shule ikamlea.

MBIO ZENYE VIZUIZI

Mbio alizozichagua ni zile za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Ni mbio ngumu kwa namna yake. Mkimbiaji huruka viunzi mara 28, na shimo la maji mara 7, ndiyo mara 35 katika mbio moja. Viunzi vya wanaume vina kimo cha sentimita 91, navyo si kama vile vijiti vyepesi vya mbio fupi, ambavyo mguu ukivigusa huanguka. Hivi ni magogo mazito. Ukiligonga gogo, gogo halianguki. Unaanguka wewe. Na shimo la maji lipo mbele ya kiunzi, refu kupita mita tatu na nusu, hata mkimbiaji akitua vibaya hulowa mpaka magotini, na kila hatua baada ya hapo ni nzito.

Kwa hiyo katika mbio hizi mwenye nguvu tu hashindi. Yampasa kuwa na kipimo. Lazima ahesabu hatua zake kabla ya kila kiunzi, naye amechoka, na wenzake wamemsonga kuume na kushoto. Akipoteza hesabu mara moja, amepoteza alichokichuma kwa mizunguko mitatu. Hapo ndipo Sang alipojifunza ualimu wake, ijapokuwa mwenyewe labda hakujua bado kwamba anajifunza ualimu.

MARA TATU WA PILI

Mwaka 1988 alikwenda Seoul katika Michezo ya Olimpiki, akawa wa saba. Mwaka 1991, katika mashindano ya dunia mjini Tokyo, alimaliza wa pili nyuma ya Mkenya mwenzake, Moses Kiptanui. Mwaka 1992 ukafika, na Michezo ya Olimpiki ikafanywa Barcelona, nchi ya Hispania. Siku ile Wakenya watatu walizishika nafasi zote tatu za kwanza. Matthew Birir alimaliza kwa dakika 8 na sekunde 8.84. Patrick Sang akafuata kwa dakika 8 na sekunde 9.55. William Mutwol akawa wa tatu. Hesabuni wenyewe tofauti ya wa kwanza na wa pili: haitimii sekunde moja. Ni muda wa mtu kupepesa jicho mara mbili tatu. Mmoja akapewa dhahabu, mwingine fedha.

Mwaka 1993 wakakutana tena, mjini Stuttgart, katika mashindano ya dunia. Kiptanui akawa wa kwanza, Sang akawa wa pili.

Basi katika miaka mitatu mtu mmoja amesimama mara tatu kwenye ngazi ya pili, akisikiliza wimbo wa taifa lake ukipigwa kwa ajili ya mwingine. Twaweza kusema, "Fedha ni heshima kubwa," na kweli ni heshima kubwa. Lakini tusidanganyane: mtu aliyekosa dhahabu kwa chini ya sekunde moja huirudia sekunde ile usiku kitandani. Moyo wa namna hiyo una njia mbili. Waweza kuingia uchungu, ukawahusudu waliotangulia, ukasema hakuna haki duniani. Au waweza kukaa chini na kuuliza kwa utulivu, "Nilijifunza nini ambacho naweza kumpa mtu mwingine?" Sang aliishika njia ya pili. Alipoziacha mbio zake alirudi nchi ya kwao, akaanza kuwatazama vijana wa kijijini.

KIJANA ASIYEKUWA NA KALAMU

Ilikuwa mwaka 2001 hivi. Katika Kapsisiywa palikuwa na kijana mwembamba aliyemaliza shule ya sekondari. Baba yake alikufa, naye alilelewa na mama peke yake, yeye akiwa kitinda mimba. Kazi yake ilikuwa kukusanya maziwa kwa majirani na kuyapeleka sokoni kwa baiskeli. Alipenda mbio, lakini hakuna aliyemfundisha. Basi siku moja akamwendea Bwana Sang, akamwomba ampe utaratibu wa mazoezi.

Mtu mkubwa, aliyesimama mbele ya mataifa, angaliweza kumwambia, "Nenda kwanza ukashinde mbio fulani, kisha uje." Sang hakusema hivyo. Akamwambia mazoezi ya siku kumi, moja baada ya moja. Yule kijana hakuwa na kalamu wala karatasi. Akaokota kijiti, akajichora mkononi maneno aliyoambiwa, akakimbia mpaka nyumbani kwao, akayaandika kabla hayajafutika.

Siku zile zilipokwisha akarudi. "Nimeyafanya. Nipe mengine." Akapewa mengine. Akaenda, akarudi tena. Hivyo ikaendelea kwa miezi. Angalieni vizuri jambo hili, enyi waalimu. Kijana hakuomba fedha wala viatu. Mwalimu naye hakutoa ahadi yoyote. Mmoja alitoa kazi ya siku chache, mwingine akaifanya yote, akarudi. Hivyo ndivyo mwalimu anavyomjua mwanafunzi wa kweli, wala si kwa maneno yake siku ya kwanza, ila kwa kurudi kwake siku ya kumi na moja.

Baadaye Sang alimwuliza jina lake na mama yake ni nani. Kijana akasema jina lake ni Eliud Kipchoge, akamtaja na mama yake. Sang akastaajabu, kwa kuwa mama yule ndiye aliyemfundisha yeye mwenyewe alipokuwa mtoto katika shule ya watoto wachanga.

Hapa twaomba msomaji atulie kidogo. Mwanamke mmoja wa kijijini alimshika mkono mtoto wa jirani, akamfundisha kuhesabu na kukaa na wenzake. Miaka ikapita zaidi ya thelathini. Mtoto yule alikwenda Marekani na Hispania na Ujapani, akarudi. Na mama yule alipokuwa mjane mwenye watoto, mtoto aliyemfundisha zamani akamfundisha mwanawe. Je, angaliweza kujua, siku zile za kwanza, kwamba anapanda mbegu itakayozaa nyumbani mwake mwenyewe?

Siku nyingine Sang aliona ya kuwa kijana yule anafanya mazoezi pasipo saa, hawezi kujipima. Akaivua saa yake ya mkononi, akampa.

SEKUNDE ILIYORUDI

Mwaka 2003 kijana yule alikuwa na miaka 18. Mjini Paris yalifanyika mashindano ya dunia, naye akaingia mbio za mita 5,000. Pamoja naye waliingia watu wawili ambao jina lao lilitosha kutisha: Hicham El Guerrouj wa Moroko, mwenye rekodi ya dunia ya mita 1,500, na Kenenisa Bekele wa Uhabeshi. Katika mita za mwisho wote watatu walikuwa wamesongamana. Kipchoge alimaliza kwa dakika 12 na sekunde 52.79. El Guerrouj akamaliza kwa dakika 12 na sekunde 52.83. Tofauti yao ni sehemu nne katika mia za sekunde moja.

Mwalimu alikosa dhahabu kwa chini ya sekunde. Mwanafunzi aliipata dhahabu kwa kipande kidogo zaidi cha sekunde ile. Hatusemi kwamba jambo hili lilipangwa na mtu. Twasema tu kwamba aliyejua uchungu wa sekunde iliyopotea, ndiye aliyemfundisha mwingine kuitunza.

SIKU ZA KUSHINDWA

Kama habari ingalikwisha hapo, ingalikuwa hadithi nzuri ya watoto. Lakini maisha hayaendi hivyo. Kipchoge alipata medali ya shaba Athens mwaka 2004 na ya fedha Beijing mwaka 2008. Kisha mwaka 2012 hakuchaguliwa hata kuiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya London. Miguu yake haikutosha tena kwa mbio za uwanjani. Alikuwa karibu na miaka 28, na wengi waliona kwamba siku zake zimekwisha.

Huo ndio wakati wa kumpima mwalimu. Siku ya ushindi kila mtu ni rafiki wa mshindi. Siku ya kushindwa hubaki wachache, nao hao wachache wana kazi ya kuamua: ni mwisho, au ni njia panda? Sang hakumwacha. Kipchoge akageukia mbio ndefu za barabarani, zile za marathoni, zenye kilomita 42 na mita 195. Mwaka 2013 alikimbia marathoni yake ya kwanza mjini Hamburg, akashinda. Mwaka 2016 alishinda Olimpiki ya Rio de Janeiro. Mwaka 2018 aliweka rekodi ya dunia mjini Berlin, saa 2, dakika 1 na sekunde 39. Tarehe 12 Oktoba 2019, mjini Vienna, alikimbia umbali ule kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, wala hapana mtu kabla yake aliyewahi kuupita kwa chini ya saa mbili. Kwa haki yafaa tuseme kwamba mbio zile za Vienna hazikuhesabiwa kuwa rekodi, kwa sababu alizungukwa na wakimbiaji 41 waliopokezana kumwongoza. Mwaka 2021 alishinda Olimpiki mara ya pili, na mwaka 2022 akaipunguza rekodi yake mjini Berlin mpaka saa 2, dakika 1 na sekunde 9.

Rekodi ile nayo haikudumu. Mwaka 2023 kijana mwingine wa Kenya, Kelvin Kiptum, aliivunja mjini Chicago, naye akafa kwa ajali ya gari miezi michache baadaye, mwezi wa Februari 2024. Mwaka 2024 Kipchoge alikwenda Paris kutafuta ushindi wa tatu wa Olimpiki, akaumia, akaacha mbio baada ya kilomita 30 hivi. Basi kila rekodi huvunjwa, na kila mguu huchoka. Afundishaye vijana mbio na asiwaambie neno hili, amewaficha nusu ya somo.

NYUMBA YA KAPTAGAT

Watu husoma habari za rekodi, wakadhani kuna siri. Wengine husema ni damu ya kabila, wengine husema ni viatu, wengine hewa ya milimani. Kambi ya Kaptagat, ambako Sang aliwafundisha vijana wake, ipo kweli mahali pa juu, kadiri ya mita 2,400 juu ya bahari, na viatu vya siku hizi kweli husaidia. Lakini waliokwenda kutazama waliona mambo ya kawaida sana. Wakimbiaji walikaa pamoja siku za kazi, na mwisho wa juma wakarudi kwa jamaa zao. Waliamka kabla ya jua. Walilala mapema. Chakula chao kilikuwa ugali, mboga, maharagwe, chai ya maziwa. Kazi za nyumba waligawana kwa zamu, na Kipchoge, aliyekuwa amekwisha kuwa tajiri na mashuhuri duniani kote, alishika zamu yake ya kusafisha vyoo kama wengine.

Tena aliandika. Tangu mwaka 2003 aliandika katika daftari kila mazoezi aliyoyafanya, mwaka baada ya mwaka. Yule aliyejichora mkononi kwa kijiti hakuiacha desturi ya kuandika alipopata kalamu.

Wala kazi ya mwalimu huyu haikuwa kwa wanaume peke yao. Faith Kipyegon, binti wa Keringet katika nchi ya Nakuru, alizaa mtoto mwaka 2018. Wako watu katika vijiji vyetu wanaosema kwamba msichana akiisha kuzaa, shule imekwisha na mchezo umekwisha. Mama huyu alirudi uwanjani, akafunzwa na Sang, akashinda mbio za mita 1,500 za Olimpiki mwaka 2021 na tena mwaka 2024, juu ya ile dhahabu ya 2016 aliyoipata kabla ya kuzaa. Mwaka 2023, katika miezi miwili, alivunja rekodi tatu za dunia. Wenye binti nyumbani na wazikumbuke tarehe hizo.

WATU WA KWETU

Labda msomaji atasema, "Hayo ni ya Kenya. Sisi je?" Nasi tunao watu wetu, na habari zao zafanana na hii kwa namna ya ajabu.

Mwaka 1980, mjini Moscow, Watanzania wawili walipata medali za fedha. Suleiman Nyambui alikuwa wa pili katika mita 5,000, nyuma ya Miruts Yifter wa Uhabeshi, kwa tofauti isiyotimia sekunde moja. Filbert Bayi, mtoto wa Karatu, alikuwa wa pili katika mbio zile zile za viunzi na maji. Yeye aliongoza mbali sana, mpaka Bronisław Malinowski wa Poland akamfikia katika mzunguko wa mwisho. Huyu Bayi ndiye aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974, akiongoza tangu mwanzo mpaka mwisho kama kirangozi asiyepitwa. Mpaka kumalizika kwa Olimpiki ya 2024, Tanzania haikupata medali nyingine ya Olimpiki ila hizo mbili za fedha.

Wote wawili walisoma katika chuo kikuu cha El Paso, katika jimbo lile lile la Texas alikosomea Sang. Na wote wawili hawakuridhika kukaa na medali zao ukutani. Nyambui akawa mwalimu wa wakimbiaji. Bayi na mkewe wakaanzisha shule, Kimara katika Dar es Salaam, na Kibaha katika Mkoa wa Pwani, mkoa ule ule wenye Bagamoyo, mwisho wa safari ya wapagazi wetu. Wote watatu ni watu wa fedha, wote walisoma, wote walirudi, wote wakafundisha.

JIBU LA SWALI

Sasa turudi kwa mzazi aliyeuliza, "Mbio hizi zitakupa chakula gani?"

Kwa watoto walio wengi, hazitawapa chakula. Twasema hivyo waziwazi, ili mtu asiuze ng'ombe wake kwa tamaa ya medali, wala mtoto asiache kitabu kwa ndoto ya Berlin. Lakini mtoto aliyezoezwa kufanya kazi ya siku kumi pasipo kusimamiwa, akarudi kuomba nyingine, amepata kitu kitakachomfaa shambani, na dukani, na katika ndoa yake. Na mtoto aliyefundishwa kushindwa bila ya kumchukia aliyemshinda, amepata kitu ambacho watu wazima wengi wamekikosa.

Nanyi waalimu wa shule ndogo, mnaofundisha chini ya mwembe, mlio na mpira mmoja wa matambara na uwanja wenye visiki: msingoje mpaka mletewe viatu na saa za thamani. Sang alianza na maneno tu. Anzeni na utaratibu wa siku kumi. Mwandikieni mtoto, au mwambieni ajiandikie. Mwulizeni siku ya kumi na moja. Atakayerudi, mpeni mengine, na mkiona ya kuwa amepungukiwa na kitu kidogo mlicho nacho, mpeni. Asiyerudi msimtukane, maana hata yeye ana lake la kujifunza mahali pengine.

Wala msihuzunike kama ninyi wenyewe hamkuwa wa kwanza katika jambo lo lote. Wapagazi waliopita njia hii ya Tabora ni maelfu na maelfu, na majina yao hayakuandikwa. Lakini walio nyuma waliikuta njia imekanyagwa, wakaifuata. Mama yule wa Kapsisiywa hakuvaa medali. Aliwafundisha watoto wachanga kuhesabu, kisha akaenda nyumbani kupika.